Goti kwa Goti Mkekani

Ishaka wa Mkange alikuwa mkwezi wa minazi. Mnazi aliupanda kama wewe unavyopanda kitanda. Lakini sasa kamba yake ya kukwelea imening'inia ukutani. Kutwa anakaa nyuma ya nyumba anasuka makuti. Hata msikitini hajisogezi mbele.

Tabia, mkewe, aliijua sababu. Busha. Mume wake, angekosaje kujua? Akamshonea tu misuli ya kujifunga kiunoni, mipana zaidi.

Posa ya binti yao, Shamsia, ilipokubaliwa, Ishaka alisema, "Kaka yangu ndiye ataozesha. Nitampa uwakili."

Tabia aliacha kukuna nazi. "Baba yupo hai, mzima, aozeshe mtu mwingine?"

"Mama Shamsia, pale mkekani mtu anakaa goti kwa goti na bwana harusi. Mimi nitakaaje? Watu watatazama ndoa au watanitazama mimi?"

Sauti ya Shamsia ikatoka jikoni. "Kama haniozeshi baba, basi ndoa ingoje."

Ishaka akarudi kwenye makuti yake.

Asubuhi Tabia akaenda kwa jirani yao, Rajabu, akamweleza yote. Rajabu hakukawia.

"Hodi! We mkwezi, mbona umetunyima madafu?"

"Madafu ndiyo yaliyoniponza. Nimeyanywa tangu utoto. Sasa nimeyaacha, na busha halipungui ng'o."

Rajabu alicheka mpaka akakaa chini. "Litapunguaje? Mimi dafu silipendi, na langu lilikuwa kubwa kuliko hilo!"

"Wewe?"

"Mimi. Nikadhani nimerogwa. Nikapasuliwa Bagamoyo, leo nalima. Inuka, twende."

Hospitalini walimkuta Daktari Mikdad, kijana mpole.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwanangu, ni madafu?"

"Hapana, mzee. Wala si uchawi, wala si zinaa. Watafiti wamepima damu za watu wengi huku pwani. Mwenezaji ni mbu. Anamuuma mtu mwenye vijidudu, kisha anakuuma wewe. Ndani ya mwili vinakuwa minyoo myembamba kama uzi. Inaharibu mishipa, maji yanajaa kwenye korodani."

"Na vile vidonge vinavyogawiwa kijijini?"

"Vinaua vijidudu, ugonjwa usienee. Vikiletwa, mmeze. Ila busha likishakua, dawa yake ni upasuaji. Ngoja kwanza nikupime, maana si kila uvimbe ni busha."

Akampima. Lilikuwa busha kweli. Ishaka akainamisha kichwa.

"Na... uanaume?"

"Tunatoa maji tu, mzee. Uanaume wako tunakuachia mwenyewe."

Rajabu akadakia, "Muulize mke wangu!" Hata Ishaka akacheka.

Akapasuliwa. Tabia alimpikia uji na kumfulia. Kidonda kilipopona, alichukua misuli ile mipana, akaikata na kuishona foronya za mito.

Siku ya ndoa, Ishaka alikunja miguu mkekani, goti kwa goti na bwana harusi, akamshika mkono. Akasema kwa sauti ya kusikika: "Nimekuoza binti yangu, Shamsia." Chumbani kwa wanawake, Tabia aliisikia. Akajifuta macho kwa kanga kabla ya kupiga kigelegele.

Katika vyombo vya bibi harusi, cha kwanza kufungashwa kilikuwa chandarua. Alikifunga baba mwenyewe.

Wageni walipoondoka, Ishaka alikata dafu. Akanywa nusu, akafumba macho kwa utamu wake. Nusu akampa Tabia.

"Shika, mke wangu. Tumelisingizia mno hili."