Pigo la Mbali

Giza lilikuwa likiingia Masikio alipompelekea mama yake mgonjwa uji na dawa. Mkono mmoja sinia, mwingine simu inayorekodi. Mungu amsamehe, hata kwa mama alikwenda akiwinda sauti.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza biti, midundo ya muziki. Juzi rapa aliyeitwa Bubu, ingawa mdomo wake haukujua likizo, alimcheka: biti tamu, ila ngoma zake zimechakaa kama kandambili, za kuokota mtandaoni. Masikio akaapa kuunda sneya, lile pigo kali linalotikisa vichwa, isiyo na ndugu duniani. Mlango wa mama, mbao nzito, ulikuwa na mlio wake.

Akaiweka simu sakafuni, akabisha.

Ko, ko, ko.

Baadaye, kwenye chumba chake kilichopakana na cha mama, akasikiliza. Mapigo yake yalikuwa ya kawaida tu. Lakini nyuma ya mapigo hayo... mbali, kama mwisho wa korido ndefu... kulikuwa na jingine.

Ko.

Nyumba haikuwa na korido.

Tamaa ikamziba macho. Akalikata lile pigo la mbali, akalifuta mwangwi, akalipandisha sauti. Likasogea karibu. Akaliongezea uzito. Likasogea tena. Akalipanga kwenye biti, akamtumia Bubu.

Ndipo harufu ya udongo mbichi ikajaa chumbani.

"Mwanangu," mama alinong'ona ng'ambo ya ukuta. "Nani huyo unayemsogeza?"

Akamkimbilia. Mama alikuwa ameketi, shuka kifuani.

"Anabisha kama marehemu baba yako. Ila baba yako hakuwahi kubisha bila hodi. Sijamwitikia. Nikimwitikia, ndiyo safari ya mwisho."

Masikio akarudi kwenye kompyuta, akisali kila sala aliyoikumbuka. Akalirudisha pigo nyuma, akalishusha, likazama. Harufu ikakata. Ng'ambo ya ukuta mama akamshukuru Mungu. Haraka akamwandikia Bubu afute biti ile, asiipige kabisa.

Jibu likaja kwa sauti, Bubu akicheka.

"Nifute, kaka? Sneya hii ina roho. Nimeivuta mbele mpaka mwisho, iko hapa hapa sikioni."

Nyuma ya maneno yake biti ilikuwa ikipiga.

Ko.

Hilo halikutoka kwenye simu.

Harufu ikarudi. Masikio akafungua kinywa amwite mama, lakini alichelewa.

Mlangoni kwa mama, mtu akakohoa kidogo, kama baba alivyozoea.

"Hodi."



Kisha mama, kwa furaha ambayo Masikio hakuwa ameisikia tangu mazishi:

"Karibu."