Kopo Chini ya Boneti

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya chai, Chiriku alikuwa na kazi ambayo mtu mwingine nyumbani hakuruhusiwa kuigusa. Alifungua boneti ya gari la baba, akaitegemeza vizuri isije ikamponda vidole, kisha akainamia kopo la bati lililofungwa pembeni ya injini. Chini ya kopo kulikuwa na koki ndogo. Alikinga mkebe wa zamani wa rangi, akafungua koki, akangoja mpaka tone jeusi la mwisho lidondoke.

Baba yake, fundi wa magari, ndiye aliyelitengeneza kopo lile kwa mikono yake. Mshono wa kuchomelea ulipinda upande mmoja, na mwenyewe alipoulizwa alisema bati ndilo lililosogea. Yeye ndiye pia aliyempa binti yake jina la Chiriku, kwa sababu alikuwa haishiwi maneno.

"Injini inapumua kama wewe," alimweleza siku ya kwanza. "Moto unapowaka ndani, hewa chafu kidogo hupenya kando ya pistoni, ikashuka chini penye oili. Hewa hiyo lazima itoke. Ikitoka, hubeba mvuke wa oili na maji. Hili gari lina tabo, mashine ndogo ya kusukumia hewa kwenye injini. Hatutaki ule uchafu uingie huko. Kwa hiyo kopo linaunasa njiani."

"Kama leso ya mafua!"

"Enhe. Na leso isipofuliwa?"

"Inanuka."

"Inaziba pua, Chiriku wee!" Baba alicheka mpaka akaangusha spana.

Jioni moja baba alirudi kutoka gereji mkono mmoja ukiwa kifuani. Mama alimuuliza ana nini. "Uchovu tu," alisema. Aliegesha gari sawasawa kama kawaida yake, akafunga mlango, akaenda kujilaza. Hakuamka tena.

Baada ya maziko, mama alichukua ufunguo wa gari. Hakuwa mtu wa kukaa akilia mbele za watu. Alipanga trei za mayai kiti cha nyuma, akaanza kuyasambaza madukani. "Sufuria haijai kwa machozi," aliwaambia wanawe. "Chiriku, kopo bado ni kazi yako. Nakutegemea."

Jumamosi iliyofuata Chiriku alifungua boneti kama siku zote. Alishika koki, lakini mkono ukakataa. Oili iliyokuwamo ndani ya kopo ilikusanyika baba akiwa anaendesha, siku ile ya mwisho, akija nyumbani. Akifungua, itashuka kwenye mkebe, kutoka mkebe iende kwenye pipa la oili chafu, basi. Alisimama pale mpaka akasikia mama anaita.

"Umemwaga?"

"Nimemwaga, Mama."

Alichukua kitambaa cha kufutia koki, akakichovya kwenye lile pipa nyuma ya nyumba, akakitundika ukutani mahali ambapo mama angekiona. Jumamosi nyingine akafanya vilevile. Uongo wa kwanza ulimtoa jasho. Ule wa baadaye ulitoka wenyewe, kama salamu. Maneno mengine, hata hivyo, yalimwishia. Darasani mwalimu alianza kumuuliza kama anaumwa.

Majira ya mvua na baridi yakaingia. Kila jioni gari lilipokata kona ya mwisho, tabo ilipiga mluzi wake mwembamba, na mdogo wake Chiriku, waliyemwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho kuzaliwa, alitimua mbio hadi getini.

"Baba huyo!" alipiga kelele. Kisha alikumbuka, akasimama. Kesho yake alikimbia tena. Chiriku hakumcheka, maana naye moyo wake ulikuwa ukikimbia.

Asubuhi moja mama alikuta doa la oili chini ya gari.

"Chiriku, kopo unalimwaga kweli?"

"Ndiyo, Mama."

Mama alimtazama kidogo, akatazama saa, akaingia garini.

Siku chache baadaye alikuwa akiwapeleka shule. Walipoanza kupanda mlima, moshi wa buluu ukatanda nyuma yao mpaka basi lililowafuata likatoweka machoni. Mluzi wa tabo ukageuka kuwa kilio cha chuma kwa chuma. Taa nyekundu ya oili ikawaka, na mama akazima injini papo hapo.

"Mama, gari linakufa?" Kitinda aliuliza.

Shangazi yao, dada wa baba, naye fundi, alikuja na gari jingine na kamba, akalivuta gari lao hadi gereji ile ile alikokuwa akifanya kazi na kaka yake. Alifungua boneti. Kijiti cha kupimia oili kilikuwa kimesukumwa nje, na injini nzima ililowa.

"Hii imekosa pa kupumulia," alisema.

Mama alikuwa amevuja jasho na mayai yake yalikuwa bado hayajafika madukani. "Wifi, si wewe uliyebadilisha oili juzi juzi? Labda uliijaza kupita kiasi."

Shangazi alijifuta mikono taratibu. "Labda, wifi. Siku hizi akili yangu haijatulia. Namwita kaka anipe spana, nageuka, hayupo." Sauti ilimkatika, akainama tena kwenye injini.

Chiriku alimwona shangazi yake akibeba kosa lisilo lake.

"Si Shangazi," alisema. "Ni mimi. Sijalimwaga kopo hata mara moja. Tangu Baba..."

"Na kitambaa?" mama aliuliza.

"Nilikichovya kwenye pipa."

Mama aliketi juu ya tairi kuukuu. Chiriku alingoja kofi. Halikuja, na hilo lilimuumiza zaidi.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Oili ya Baba imo mle. Ya siku ile. Sikutaka itupwe."

Shangazi alifungua mfuniko wa kopo. Lilikuwa limejaa hadi juu, na maji yalikuwa yamechanganyika na oili yakawa kitu kizito, cheupe, mfano wa uji uliolala. Uji huo ndio ulioziba bomba la kupumulia. Hewa ilikosa njia, ikasukuma oili nje kupitia sili, ile mipira inayozuia oili isivuje, na tabo ikabaki kavu.

"Njoo uone," alimwambia Chiriku. "Ya baba yako ilikuwa tone chini kabisa. Juu yake ni safari zote za mama yako. Siwezi kuitenganisha tena. Ungeniambia siku ile, ningekukingia kwenye chupa. Ungekuwa nayo mpaka leo."

Hapo ndipo Chiriku alipolia, kwa sauti, kama ambavyo hakuwahi kulia tangu maziko. Mama alimvuta magotini pake.

"Baba yenu aliulizwa, akasema ni uchovu tu," shangazi alisema. "Wewe uliulizwa, ukasema umemwaga. Mimi nimeulizwa sasa hivi, nikasema labda, na nilijua oili niliipima vizuri. Ukoo mzima tunameza maneno! Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mnataka tumzike nani tena ndipo tujifunze kusema?"

"Nisamehe, wifi," mama alisema.

"Yamekwisha."

Injini ilipona kwa sababu mama aliizima mapema. Shangazi aliweka sili mpya, akasafisha mabomba yote. Tabo haikupona. Alifunga nyingine iliyotoka kwenye gari bovu, nzima kabisa, lakini mluzi wake ulikuwa mzito na wa chini.

Jioni ya kwanza gari lilipokata kona, Kitinda alikuwa akicheza uani. Aliinua kichwa, akausikiliza mluzi ule mgeni, akaendelea na mchezo wake. Chiriku aliyekuwa mlangoni aliingia ndani, akakaa kitandani.

Jumamosi ilipofika, alifungua boneti, akakinga mkebe.

"Umemwaga?" mama aliita kutoka jikoni.

"Bado. Mama, siwezi peke yangu."

Mama alitoka na mikono yenye unga. Alisimama kando yake, akaweka kidole kwenye ule mshono uliopinda, akakiacha hapo.

"Eti bati lilisogea," alisema, na machozi yakamtiririka mbele ya mwanawe, mara ya kwanza. "Sikia, Chiriku. Kitu kikikulemea, sema. Nikiwa napika, sema. Nikiwa nimekasirika, sema hivyo hivyo. Kosa lililosemwa mapema tunalitengeneza. Lililofichwa linaondoka na kile tulichokuwa tunakilinda."

Chiriku alifungua koki. Matone yakadondoka mkebeni, na wote wawili wakangoja mpaka la mwisho.