Kosa Waliloligawa Wazee wa Kanisa

Ndugu zangu mnaoishi huku Birmingham, sikilizeni habari ya nyumba moja ya mtaa wa Castle Vale, mwone jinsi amani ya mdomoni inavyoweza kummaliza mtu.

Jumapili ile ilianza vizuri. Jairus alikaanga mayai, binti yake Jepchirchir akapiga pasi gauni la kanisani huku akiimba. Tangu Charity, mama wa nyumba, afe kwa saratani, wimbo ulikuwa haba mle ndani. Nje lilisimama gari dogo jekundu alilowaachia marehemu. Gari hilo ndilo lililomzungusha Jairus kwa wazee anaowaogesha na kuwalisha majumbani mwao, kutoka Erdington hadi Harborne. Kampuni ilishamwambia wazi: bila gari hakuna kazi. Na bila kazi hakuna kibali cha kukaa.

Walikuwa wamebakisha kona moja wafike kanisani. Gari lingine likachomoka kwenye barabara ndogo bila kusimama, likawapiga ubavuni. Hakuna aliyeumia, lakini gari jekundu lilijikunja kama kopo la soda.

"Pardon, papa Jairus! Jua iliniingia mu macho, sikukuona!" Alikuwa Emery, Mkongo, mwalimu wa kwaya yao wenyewe.

Gurvinder, mwenye duka la pale kona, alitoka mbio. "Uncle, mimi nimesikia kishindo tu, lakini kamera yangu imeona kila kitu. Njoo uchukue picha."

Jairus angeingia dukani saa ile ile. Lakini Mzee Lennox, kiongozi wa wazee wa kanisa, alikuwa ameshafika, suti yake ikimeta. "Kamera za nini? Nyinyi ni watu wa madhabahu moja. Tutayamaliza ndani."

Wakayamaliza ndani baada ya ibada, kama tunavyofanya siku zote: viti kwa duara, maombi, chai. Lennox akatoa hukumu. "Tukisema ni Emery peke yake, atadharaulika mbele ya kwaya. Kila mmoja abebe nusu ya kosa. Hata kwa watu wa bima mseme hivyo hivyo, msigeuke."

"Lakini mzee, mimi nilikuwa naenda zangu moja kwa moja."

"Jairus, unyenyekevu haujawahi kumuua mtu!"

Watu wakacheka, wakapeana mikono. Mliokuwepo mnajua nasema kweli.

Sasa, bima ya Jairus ilikuwa ile ya wanyonge, inayolipa gari la mwenzako na kukuacha wewe na lako. Tegemeo lake lilikuwa bima ya Emery. Binti wa bima hiyo, Minal, alimpigia simu, akamuuliza kwa upole kosa ni la nani.

"Ni letu sote. Nusu kwa nusu."

"Dad! It wasn't your fault!" Jepchirchir alipiga kelele kutoka jikoni, kwamba kosa si la baba. Baba akamfanyia ishara anyamaze. Alikuwa ameahidi mbele za Mungu.

Muda ukapita, Minal akapiga tena. Gari limehesabiwa kuwa limekufa, kulitengeneza kungezidi thamani yake. Wangelipa thamani hiyo, ila nusu tu, maana nusu ya kosa aliikiri mwenyewe. "Ukiwa na picha yoyote, tutaangalia upya," alisema.

Nusu ya gari kuukuu hainunui gari. Jairus akakimbilia kwa Gurvinder.

"Uncle, ulikuwa wapi? Kamera hujifuta yenyewe. Nilikuita, si nilikuita?"

Akaenda kwa Lennox, amwombe yeye na Emery waseme ukweli. Hakukaribishwa hata kiti. "Jambo hilo tulilifunga kwa maombi. Unataka Emery aonekane mwongo?"

Jairus alianza kupanda mabasi. Mgonjwa wa kunywesha chai ya asubuhi akawa anamfikia mchana. Derrick, msimamizi wake, Mkenya mwenzake, akamwita. "Mzee, mimi sina la kufanya. Amri imetoka juu." Amri zao hutoka juu siku zote, na hawajawahi kutuonyesha huko juu ni wapi. Jairus alitia sahihi barua ya kuachishwa kazi pale alipoonyeshwa.

Siku ya kurudisha sare mvua ilinyesha. Alisimama kituoni na mfuko wake wa plastiki. Gari likasimama mbele yake, rangi mpya inang'aa. Ni Emery. Bima yake kubwa ilikuwa imemtengenezea.

"Panda, papa. Unaenda kazi?"

Jairus akapanda. "Kazi imeisha. Kibali nacho kinafuata."

Emery akakawia kuondoa gari. "Mzee Lennox alisema tusigeuke..."

"Najua. Endesha tu."

Hakuwa na hasira. Alitafuta hasira ndani yake, hakuikuta. Nyumbani, Jepchirchir alikuwa ameanza kuwaandikia walimu wake barua za kuwaaga, maana bila kibali wangerudi Kenya.

Mafunzo

Wazazi wenzangu, aliyekugonga msamehe, ni sawa. Lakini kusamehe si kubeba kosa lisilo lako. Sema kilichotokea vile kilivyotokea, na ushahidi uuchukue siku hiyo hiyo, hata kama mwenye suti amekuzuia. Na ninyi wakubwa mnaotugawia makosa kama mnagawa sambusa, siku ya hasara hatuwaoni. Aliyetoa hukumu ile bado analo gari lake.