Chaki Katika Jino la Papa Makuza

Kila asubuhi kule Karuba, kabla jua halijapanda juu ya milima ya Masisi, Papa Makuza aliwaita ng'ombe wake kwa majina. "Gaju! Bihogo! Sine!" Nao walikuja mmoja mmoja, bila haraka, kila mmoja akijiona mke wa chifu. Papa alikamua, na binti yake Kamaliza, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alishika chombo cha mti cha maziwa chenye kifuniko kilichosukwa. Siku za soko alikibeba kichwani mpaka Sake.

Asubuhi moja ya mwaka 1953, wakati wa mvua, Papa Makuza alitoka nje ameshika shavu. Alijaribu kumwita Gaju, ikatoka sauti ya ndama aliyetengwa na mama yake. Gaju alimtazama kidogo, akaendelea kutafuna.

"Iko jino la nyuma," Papa alimwambia Kamaliza. "Twende kwa Straton."

Papa Straton alikuwa muuguzi wa dispensari ya kijiji. Alizaliwa Walikale, katikati ya msitu. Hakuogopa damu wala homa, ila ng'ombe akikohoa tu alipanda juu ya kiti. Alichungulia kinywani mwa Papa Makuza, akatikisa kichwa.

"Tundu iko ndani sana. Daktari wa meno atapita Sake baada ya wiki tatu. Mpaka siku hiyo nitaliziba kwa sima ya muda."

"Sima?" Papa Makuza alishtuka. "Ile wanajengea kanisa?"

"Hapana, Papa. Hii ni unga mweupe na mafuta ya karafuu. Lakini kwanza nahitaji dawa ya kuua vijidudu, niichanganye ndani ya sima. Nikiziba bila ile dawa, nitakuwa nimefungia chui zizini pamoja na ndama. Huku nje tutasema kumetulia. Ndani je?"

Dawa yenyewe ilikuwa Sake. Kwa kuwa kesho yake ilikuwa siku ya soko, Papa Straton alimwandikia Kamaliza barua, akamwonya: "Watakupa unga ndani ya karatasi. Uishike mkononi. Si kichwani, si mfukoni. Mkononi!"

"Ndiyo, Papa."

Huko Sake, mtawa wa dispensari alimpa karatasi ndogo iliyokunjwa vizuri. "Mwezi huu imebaki hii tu," alisema. "Uitunze."

Kamaliza alirudi pamoja na rafiki yake Béata. Mvua ilianza kunyesha. Kamaliza akaona ameerevuka kuliko muuguzi: aliingiza karatasi chini ya kifuniko cha chombo ili isilowe. Alisahau kwamba ndani ya chombo kulibaki maziwa ambayo hayakununuliwa.

"Unatembea kama ng'ombe mwenye mimba!" Béata alimchokoza. "Mimi nitafika Karuba, nitakula, nitalala, wewe uko njiani tu!"

Kamaliza hakuweza kuvumilia. Walikimbia, wakateleza, wakacheka. Walipofika kwa mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi kando ya njia, Kamaliza alitua chombo na kufunua. Karatasi ilikuwa ikielea ndani ya maziwa, imefunguka. Unga haukuwamo tena.

Béata alianza kucheka, kisha akainama kuopoa karatasi.

"Papa alinikataza kukimbia na maziwa," Kamaliza alisema. "Na dawa imekwisha Sake yote. Nitamwambia nini?"

Mfukoni mwake mlikuwa na vipande vya chaki, kwa sababu yeye ndiye aliyefuta ubao shuleni. Vilikuwa vyeupe, kama dawa. Walikausha karatasi kwenye moto wa yule mama, wakasaga chaki kati ya mawe mawili, wakafunga.

"Ni nyeupe, na ile ilikuwa nyeupe," Béata alisema. Lakini hakumtazama usoni.

Papa Straton alipokea karatasi, akainusa. "Mbona inanuka maziwa?"

"Kwetu kila kitu kinanuka maziwa, Papa," Kamaliza alijibu.

Watu wote waliokuwa wakingoja dawa walicheka. Papa Straton naye alicheka. Akachanganya unga, mafuta ya karafuu na chaki, akaliziba jino.

Siku ya kwanza Papa Makuza alitabasamu. Siku ya pili shavu lilianza kujaa. Siku ya tatu jicho la kushoto lilifumba, mwili ukawaka moto, na kinywa hakikufunguka zaidi ya upana wa kidole. Mke wake, Mama Daphrose, alimpa maziwa kwa kijiko. Yalirudi yote kidevuni. Nje Gaju alilia, amejaa maziwa, hataki kukamuliwa na mtu mwingine. Alikuwa akingoja sauti iliyomwita kila siku, na sauti haikuja.

Papa Straton aliitwa. Alimpima homa, akakaa chini kwa uzito.

"Sielewi. Kama jino lingekuwa na kosa, ningelifungua sasa hivi. Lakini dawa iko ndani, niliitia mimi mwenyewe. Hii ni ugonjwa mwingine, umeingia shingoni, penisilini yangu peke yake haitatosha. Tumpeleke Goma kwa machela."

"Barabara imekatwa na mvua!" Mama Daphrose alilia. "Wabebaji watafika baada ya siku mbili. Atafika akiwa muzima?"

Papa Straton alitazama sakafu. Mama Daphrose akasema kwa sauti ndogo: "Basi nimtume mutu amwite padri."

Kamaliza alikuwa amesimama mlangoni. Alijua maana ya kumwita padri. Akamtazama Papa yake, yule aliyejua majina ya ng'ombe wote, sasa akivuta pumzi kama mtu anayenywa kwa mrija ulioziba. Aliwaza: nikisema, watanichukia. Nisiposema, nani atakayebaki wa kunichukia?

"Papa Straton! Fungua jino!" alipiga kelele. "Dawa haiko ndani. Dawa ilianguka ndani ya maziwa. Ile ni chaki. Ni mimi. Chui iko ndani, Papa, nimekufungisha chui!"

Hakuna aliyemchapa, maana hakuna aliyekuwa na muda. Papa Straton alikwisha ruka. "Maji ya moto! Mama, shika kichwa!" Kwa kijiti kidogo cha chuma alibandua sima kipande kwa kipande. Usaha ulitoka, pamoja na harufu iliyomkimbiza hata mbwa. Papa Makuza alipiga mguu chini mara moja, kisha akashusha pumzi ndefu. Muuguzi alimsafisha, akaacha tundu wazi, akamchoma sindano ya penisilini. Aliendelea kumchoma siku tano.

Siku ya nne uvimbe ulishuka. Kamaliza alipeleka maziwa, akapiga magoti karibu na kitanda, asiweze kuinua macho.

"Kwa hiyo," Papa Makuza alisema kwa upande mmoja wa mdomo, "ulitaka nijue kuandika. Ukaniwekea chaki mdomoni."

Kamaliza alilia badala ya kucheka. Papa yake akamshika mkono.

"Sikiliza, binti yangu. Kumwaga dawa ni bahati mbaya. Ungesema siku ile, Straton angeacha tundu wazi, tungengoja, basi. Nilikuwa nife kwa sababu uliziba juu ukaacha ubovu chini. Ukikosa, sema mapema, hata kama unatetemeka. Siku hii uliyosema, ulitetemeka, na mimi ninaishi."

Mwezi uliofuata daktari wa meno alikuwa bado hajapita, lakini dawa mpya ilifika Sake. Papa Straton aliuliza ni nani wa kutumwa kuichukua. Papa Makuza alimwonyesha Kamaliza kwa kidevu.

Alirudi kabla ya saa nane, peke yake, amelowa mvua mpaka kwenye mifupa, ngumi imekazwa. Papa Straton alilazimika kumfungua vidole kimoja kimoja. Karatasi ilikuwa kavu kabisa.

Muuguzi aliinusa.

"Haina harufu ya maziwa," alisema, akaanza kuchanganya sima.