Kuonja Mara Moja Hakutoshi

Jumamosi moja asubuhi, Carleen na mumewe Darcy waliegesha gari mbele ya hospitali. Hawakuwa na mgonjwa. Walikuwa na mtoto wao Hattie, wa miezi saba, kijiko, na chupa ya siagi ya karanga.

Mtoto wa dada yake Carleen aliwahi kuonja karanga, akavimba uso, akabebwa na ambulensi. Tangu siku hiyo Carleen aliiogopa karanga kama nyoka.

"Wenzetu wanakwenda pikiniki mtoni," Darcy alisema. "Sisi pikiniki yetu mlangoni pa hospitali."

"Punguza maneno, mlishe mtoto."

Hattie alilamba ncha ya kijiko. Akakunja uso, kisha akafungua mdomo tena. Wakakaa garini kwa saa mbili wakimtazama kama maziwa yaliyo motoni. Hakuvimba, hakutapika. Akalala.

"Kafaulu mtihani!" Darcy alisema. Walipofika nyumbani, chupa ikawekwa juu kabisa kabatini. Karanga haikutajwa tena.

Miezi mitatu baadaye Carleen alimpeleka Hattie kliniki ya watoto. Nesi Despina alimpima uzito, akamtazama viwiko. Ngozi ilikuwa kavu, na mtoto alikuwa amejikuna.

"Karanga anakula, mama Hattie?"

"Alishaonja. Hazikumdhuru."

"Sikuuliza kama ameonja. Anakula?"

"Hapana. Aliyelala usimwamshe, nesi."

Nesi akacheka. "Huyu ni wa kuamshwa! Sikiliza. Mwili una askari wa kuulinda, ndiyo kinga ya mwili. Wengi wako kwenye utumbo. Sasa fikiria, utumbo unapitisha chakula kila siku. Askari wakipigana na kila kinachopita, tutakula nini?"

"Tutakufa njaa."

"Ndiyo maana wapo askari wengine, kazi yao kuwatuliza wenzao. Wanasema, hiki ni chakula, kiacheni kipite. Lakini wanajifunza kwa kukiona mara kwa mara. Hattie kakiona mara moja, tena ncha ya kijiko. Huko nyuma tulidhani kumficha mtoto karanga ni kumlinda. Kumbe tulikosea."

"Na hii ngozi?"

"Ngozi iliyopasuka ni mlango mbovu. Chembe za chakula zikipenya hapo, askari wa ngozini huona adui. Kwa hiyo mpake mafuta ya daktari kila siku. Karanga iingie kwa mdomo."

Carleen alimkumbatia mtoto. "Kwa hiyo nimeshamharibu?"

"Kumtazama tu hakutuambii hilo. Lakini mara ya kwanza alikula salama, na bado hujachelewa. Anza tena na kidogo, asubuhi, akiwa mzima. Karanga nzima usimpe, itamkaba. Akivimba uso, akitapikatapika au akipumua kwa shida, piga namba ya dharura, sifuri tatu, ambulensi ije."

Kesho yake Darcy aliishusha chupa. Akachovya kidole, akakipeleka shavuni kwa Hattie.

"Wewe! Unafanya nini?"

"Najaribu kwanza kwenye ngozi."

"Nesi kasema mdomo, Darcy. Shavu linakula?"

Carleen alichukua robo ya kijiko, akakoroga kwenye uji wa ngano. Hattie akala, akataka zaidi. Wakasubiri. Hakikutokea kitu. Siku zilizofuata wakaongeza kidogo kidogo, hadi kijiko kizima. Kisha wakashika siku mbili za wiki: Jumatano na Jumapili.

Hattie alipotimiza mwaka, Carleen alimwandikisha kituo cha kulelea watoto. Kwenye fomu paliulizwa: "Chakula gani kinamdhuru mtoto?" Akaandika: "Hakuna."

Mwalimu akaisoma. "Vizuri. Ila hapa karanga haziingii, mama. Tuna watoto wawili zinawadhuru sana."

"Naelewa. Mpwa wangu ni hivyo hivyo."

"Basi mwachishe karanga kabisa, isiwe taabu."

"Hapana, mwalimu," Carleen alisema. "Kuacha tulishaacha mara moja. Jumatano atakula nyumbani kabla ya kuja, na nitamnawisha mikono na uso kwa sabuni."

Mwalimu akaandika hayo pembeni mwa fomu, akampokea Hattie.