Mlinzi Aliyekimbia Kikapu Chake

Msimu wa pamba wa mwaka 1956 stesheni ya Shinyanga ilikuwa haina pa kuweka mguu. Paskalina alishuka behewani na gauni lake la maua ya njano, beseni la mayai kichwani. Mpagazi mmoja akampiga kumbo, beseni likaruka. Kabla halijafika chini, mkono mrefu ulitoka katikati ya watu ukalidaka. Lilivunjika yai moja tu.

"Nisamehe, dada. Hilo moja limenishinda."

"Umeniokolea arobaini halafu unaomba radhi? Mikono hiyo unaifanyia kazi gani?"

"Kuzuia."

"Kuzuia nini?"

"Mpira wa kikapu. Naitwa Ngassa, niko mgodi wa almasi, huko upande wa Songwa. Wenzangu wanafunga, mimi nazuia tusifungwe."

"Wewe hufungi kabisa?"

"Mwaka jana nilifunga mara mbili. Moja ilikuwa bahati mbaya."

Paskalina alicheka mpaka beseni likataka kuanguka tena.

Basi wakapendana. Paskalina alikuwa akishona cherehani kwenye duka la nguo mjini, na duka lilikuwa na simu. Kila Jumamosi Ngassa alipiga kutoka klabu ya mgodi.

"Haloo, laazizi. Umekula?"

"Nimekula. Wewe je, mrefu wangu?"

"Mie nina neno. Bwana Cornel, msimamizi wa timu, kasema wiki ijayo tunacheza na watu wa Geita. Wana Donatus, yule hajawahi kuzuiwa na mtu. Nikimzuia, napewa kazi ya kudumu na nyumba ya wenye ndoa. Nikishindwa, narudi kijijini kuchunga ng'ombe."

"Basi mzuie, mpenzi. Mama naye anakuja kutoka Runzewe, nitakuja naye. Atavaa kanga nyekundu. Ila hajui habari zako. Jitie humjui."

"Dakika zimekwisha," ikaingia sauti ya Ignas, mwunganishaji simu wa posta. "Na wewe kaka, Donatus anapenda kupita kushoto."

"Ignas! Kumbe unatusikiliza?"

"Nisikilize nini? Kateni simu."

Siku ya mchezo watu walijaa kuzunguka uwanja wa udongo ulioshindiliwa. Ngassa alivaa bukta nyeupe na raba zilizopakwa chokaa. Mama Paskalina, mwanamke mpole asiye na haraka, alitua kigoda chake chini kabisa ya kikapu alichokuwa akikilinda Ngassa.

Donatus akaja na mpira. Ngassa akarudi nyuma kumzuia, akageuka, akaiona kanga nyekundu hatua mbili tu kutoka kwake. Kwao mtu hamsogelei mama mkwe, wala hamkazii macho. Akainamisha kichwa, akakimbilia pembeni. Donatus akafunga peke yake.

Ikawa hivyo mara ya pili, na ya sita.

"Ngassa, unakimbia nini?" Bwana Cornel alipiga kelele. "Kuna nyoka hapo?"

Paskalina macho yalimjaa machozi. Alijua mwenyewe sababu, au alidhani anajua. Kijana kamwona mama na miguu yake ya vumbi, kaona aibu. Mapumzikoni, timu zilipobadilishana upande, alinyanyua kigoda.

"Twende kule anakohamia, mama. Leo atatutazama, atake asitake."

"Nani huyo?"

"Yule mrefu mwenye maringo!"

Wakakaa chini ya kikapu cha pili. Ngassa alipowaona aliziba uso kwa mikono yote miwili, akarudi nyuma mpaka akamkanyaga refa. Watu wakavunjika mbavu. Mama Paskalina hakucheka. Alimtazama yule kijana, kisha akamtazama binti yake, taratibu.

"Paskalina. Huyu ameanza lini kuwa mkwe wangu?"

"Mama?"

"Hayo si maringo, mwanangu. Hiyo ni adabu. Mtu mzima anakubali kuzomewa na uwanja mzima kuliko kunisogelea. Na wewe hukuniambia."

Akachukua kigoda chake, akaenda kukaa nyuma ya lori la watu wa Geita, mahali ambapo hakuona hata kivuli cha mpira.

Sasa Ngassa akashusha pumzi. Alimfuata Donatus kama jasho lake mwenyewe. Akija kushoto yupo, akija kulia yupo.

"Kafunga?" Mama aliuliza kutoka nyuma ya lori.

"Hajafunga, mama!"

"Na sasa?"

"Kanyang'anywa!"

Kipindi chote kile Donatus hakufunga hata mara moja, na timu ya almasi ikashinda kwa kikapu kimoja. Bwana Cornel alimkumbatia Ngassa akimwambia akachukue funguo za nyumba Jumatatu.

Ngassa alikwenda mbio mpaka upande wa pili wa lori, akasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nakusikia, usisogee. Nimesafiri siku mbili kuja kuona mpira, nimeona gurudumu la lori. Walete wazee wako Runzewe, nikiwa bado sijakasirika."

Paskalina akatokeza, anafuta macho na kucheka kwa pamoja.

"Nilikwambia ujitie humjui. Ndivyo mtu anavyojitia, kukimbia kama kafukuzwa na nyuki?"

"Kwani mie najua uongo?" Ngassa alijibu, akamshika mkono. "Mie najua kuzuia tu."

"Basi nizuie nisiende."

Akamzuia.