Nyuso Arobaini na Moja

Mwalimu alikuwa amelala kifudifudi kati ya mashine ya kukatia karatasi na mlango, mkono mmoja ameunyoosha mbele. Damu ya kisogoni ilikuwa imeshakauka. Nyuma ya miguu yake sakafu ilikuwa na alama ya mburuzo, kama hatua nne hivi.

Inspekta alichuchumaa, akautazama mburuzo ule kwa muda mrefu kuliko alivyoutazama mwili.

"Hakufa papo hapo," alisema.

"Hakufa papo hapo," alikubali daktari wa polisi huku akivua glavu. Kisogo kiligonga ukingo wa chuma wa mashine, alieleza, damu ikavujia ndani ya fuvu taratibu. Ilikuwa jana jioni, kati ya saa kumi na mbili na saa mbili. Tangu kuanguka mpaka kukata roho, pengine saa nzima. Angewahishwa hospitali, huenda leo angekuwa kitandani analalamikia uji.

Aliyemkuta ni mchapaji, mwenye duka, alipokuja kufungua saa moja asubuhi. Chumba hiki cha nyuma alikuwa amewaazima watu wa kampeni bila kodi. Marehemu alikuwa mwalimu mstaafu wa sayansi, mji mzima ukimwita Mwalimu Hewa. Miaka mitano alipambana na mtambo wa umeme wa makaa ya mawe ulio kando ya mto. Alihubiri habari ya majivu kwenye kamba za nguo, vifua vya watoto, mvua zilizosahau miezi yao. Leo saa nne, maelfu walikuwa waandamane mpaka getini kudai mtambo uzimwe.

Nje, umati ulikuwa umeshatoa hukumu. Walioua ni watu wa mtambo, nani asiyejua? Mkuu wa kituo naye alipiga simu mara mbili: akamatwe mtu wa mtambo kabla ya saa sita, la sivyo vijana watauchoma na mafundi wakiwa ndani. Inspekta aliitikia, akarudisha simu mfukoni, akaendelea kutazama.

Mabango yaliegemezwa ukutani, yamepigiliwa vijiti tayari kwa kubebwa. Sajini aliyahesabu. Arobaini na moja. Maandishi yote yalikuwa mazima, lakini kila bango lilikuwa na tundu katikati, ukubwa wa sahani.

"Mtu alikuwa na hasira, afande," alisema Sajini.

"Hasira haikati hivi."

Inspekta alipitisha kidole chenye glavu ukingoni mwa tundu moja. Mkato ulifuata shavu, ukazunguka sikio, ukapanda kwenye msuko wa nywele mmoja mmoja. Akatazama la pili, la tano, la ishirini. Hakuna hata moja ambalo mkasi uliteleza ukagusa uso. Pembeni mwa kila mkato palikuwa na unga laini wa buluu. Sajini aliupangusa, akautia kwenye bahasha ya vielelezo.

Inspekta akamgeukia mchapaji. "Ni nani kwenye picha?"

"Mtoto wa miaka sita. Alikufa mwaka jana, mapafu. Hapo yuko hospitali, amevaa kinyago cha oksijeni. Picha hiyo ndiyo iliyoamsha watu. Kabla yake tulichapa michoro ya joto na moshi, watu wakafungia karanga."

Mkuu wa ulinzi wa mtambo hakusubiri kukamatwa. Alikuja kituoni mwenyewe, kofia mkononi. Wiki iliyopita, mbele ya mashahidi, alikuwa amesema kwamba mwalimu yule atanyamaza, apende asipende.

"Ulimtishia."

"Nilimtishia."

"Jana kuanzia saa kumi na mbili ulikuwa wapi?"

"Getini. Kamera nane zinanitazama. Zichukueni."

Inspekta alimsogezea picha ya bango moja. Mwanamume yule aliitazama kidogo tu, akairudisha.

"Mimi nikitaka kuharibu karatasi natumia kiberiti," alisema. "Aliyefanya hivi alikuwa anampenda huyo mtoto."

Inspekta hakupenda kukubaliana naye, lakini alikuwa amewaza hivyo hivyo tangu asubuhi. Kamera zilithibitisha kwamba hakutoka getini mpaka saa nne usiku. Mkuu wa kituo alitaka awekwe ndani hata hivyo, watu wapoe. Inspekta alimjibu kwamba watu wakipozwa kwa uongo huchemka mara mbili, akaenda nyumbani kwa marehemu.

Sebule ilikuwa imejaa ndugu. Mjane alimwingiza chumbani, akafunga mlango, akaketi ukingoni mwa kitanda upande usio wake. Alizungumza bila kulia. Mama wa mtoto yule, alisema, alikuja hapa mara mbili kuomba picha iondolewe. Mara ya kwanza mumewe alimwambia asubiri mkutano wa hadhara uishe. Mara ya pili, maandamano yaishe.

"Nilimwambia, baba watoto, mrudishie mwenzako mwanawe. Akasema picha ikitoka, barabarani tutabaki watu thelathini."

"Walitukanana?"

"Hata. Mume wangu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka. Alikuwa akisema dunia haina muda." Alikunja kanga yake magotini. "Saa hii vijana wameshakuja kuniomba picha yake, waibebe. Nimewaambia kwanza waniache nimzike."

Inspekta aliuliza mama wa mtoto anafanya kazi gani.

"Fundi cherehani."

Hapo Inspekta aliuelewa ule unga wa buluu. Ni chaki ya kuchorea nguo.

Fundi aliishi na kufanya kazi katika chumba kimoja, cherehani imewekwa dirishani ifuate mwanga. Alipowaona hakushtuka wala hakusimama. Alimalizia mshono aliokuwa nao, akakata uzi, akaikunja nguo ya watu vizuri na kuiweka juu ya nyingine. Sajini aliuona mkasi mrefu mezani, akaushika kwa kitambaa.

Inspekta alimsomea onyo. Alikuwa na haki ya kunyamaza.

"Nimenyamaza mwaka mzima, dada," alisema fundi. "Kaa."

Akaeleza, polepole, kama mtu anayempa mwenzake vipimo. Tangu msiba, hakuna kona ya mji aliyopita bila kumkuta mwanawe anakufa. Kwenye nguzo za umeme, kwenye ukuta wa soko, nyuma ya bajaji. Mvua ikinyesha uso unachuruzika. Jua likiwaka unapauka. Wiki inayofuata wanabandika mpya. Watu walimpa pole, kisha wakamwambia ajivunie.

"Juzi mteja aliniletea fulana. Inampwaya, nimbanie ubavuni. Nikaigeuza, nikamwona mwanangu. Ilibidi nimkate begani."

"Uliikata?"

"Ni kazi yangu. Niliikata."

Kesho yake jioni alichukua mkasi na chaki, akaenda uchapaji. Watu wa kampeni walikuwa uwanjani wakifunga jukwaa, mlango uko wazi. Alichora kwanza kila uso kwa chaki, asije akakosea, ndipo akakata. Alikuwa amefika uso wa ishirini na nane Mwalimu alipoingia kuchukua kipaza sauti. Hakumgombeza. Alimwomba siku moja tu, mpaka kesho mchana, kwa ajili ya watoto ambao bado wanapumua. Fundi aliendelea kukata. Mwalimu akashika bango lililofuata, wakavutana.

"Akaniambia, 'Mama, huyu si mtoto wako peke yako tena.'" Fundi alitazama mikono yake. "Nikamsukuma. Kwa mikono yote miwili."

"Akaanguka."

"Akaanguka."

"Ulijua ameumia?"

"Nilijua. Aliniomba niite mtu."

"Ukafanya nini?"

"Nilikuwa nimebakiza kumi na tatu."

Inspekta aliinua kalamu kutoka kwenye karatasi. Sajini aligeuka, akatazama nje ya dirisha.

"Alikuwa anajivuta, anapumua kwa kukwaruza," aliendelea fundi. "Mlio ule naujua. Nilikaa nao wiki tatu kando ya kitanda cha mwanangu, na huyo Mwalimu alisimama miguuni pa kitanda anapiga picha. Akasema itasaidia. Nikaweka saini. Nilidhani itamsaidia yeye, mwanangu. Nilipomaliza uso wa mwisho, chumba kilikuwa kimya. Nikafunga mlango, nikaja na nyuso zote nyumbani."

Zile nyuso zilikuwa ndani ya kabati, zimefungwa kwa shuka ndogo ya kitoto, zimepangwa moja juu ya nyingine. Sajini alizihesabu bila kutoa sauti. Arobaini na moja.

Inspekta alijua jambo hili litafanya nini likitangazwa. Vijana walioko barabarani wangekataa kuamini, na watu wa mtambo wangechinja mbuzi na kusherehekea. Vifua vya watoto vingebaki vile vile. Alishika kalamu tena, akayaandika maelezo mpaka mwisho, akamsomea. Fundi alisikiliza kila neno, akasahihisha saa mahali pamoja.

Kisha akauliza, "Jalada langu lina namba?"

"Lina namba."

"Na la aliyemuua mwanangu, ni namba ngapi?"

Karatasi pekee aliyowahi kuandikiwa mtoto yule ilikuwa cheti cha kifo, na kwenye sababu waliandika nimonia.

"Andika na hilo swali," alisema fundi.

Mwendesha mashtaka angelikata kwa kalamu nyekundu. Hilo Inspekta alilijua. Aliliandika hata hivyo, mstari wake peke yake, kisha akamsogezea karatasi atie saini.